Mwaka Maji Yalipokupwa Tanganyika

Mchungaji aliposoma kwamba marehemu alizaliwa katika nyumba nyeupe yenye baraza, mahali ambapo maji hupwa asubuhi na kujaa jioni, Régine aliinamisha kichwa na mimi nikaangalia viatu vyangu. Tulikuwa tumeketi kwenye mkeka upande wa wanawake, katika ua wa kanisa, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, asubuhi ya baridi ile ya wilaya ya Dowa inayoingia mpaka kwenye magoti. Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeshangaa, maana wote walikuwa wamemsikia Mama Bahati akisimulia hivyo hivyo kwa miaka, bila kukosea hata kidogo. Binti yake alikuwa kwenye simu, simu yenyewe imewekwa juu ya kiti karibu na jeneza ili asikie, na alipolia alilia kwa lugha ambayo wengi wetu hatuijui. Baada ya maziko tulikula wali na maharage, nikamuuliza Régine kama anaukumbuka mwaka ule wa atelie. Alikuja kutoka Lilongwe, anauza vitenge mtaa wa Area 23, amenenepa, magoti yanamsumbua, lakini jicho lake ni lile lile la kutazama mtu mpaka aone haya. Akasema, "Mi sikusahauka hata siku moja."

Sitasimulia nilivyotoka kwetu wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo nimeyasimulia mara nyingi mno mbele ya meza za watu wenye kalamu, na yamenichosha kiasi kwamba nikiyaanza nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Nataka kuusimulia mwaka mmoja tu, mwaka ambao sikuwa bado na miaka ishirini, nilipokuwa nikijifunza kushona katika atelie ya kanisa na kusomewa riwaya za Pwani. Siku hizi wasichana wa hapa husoma hadithi kwenye simu, kila mtu peke yake, vidole vikipandisha maneno, na mtu akicheka hujui anacheka nini. Sisi tulisoma kwa pamoja. Kitabu kimoja kilikuwa na macho ya mtu mmoja na masikio ya watu wote. Wapo wachache wanaojua nusu ya habari za Mama Bahati, na hao husema alichanganyikiwa. Huwa naondoka wakianza, maana nina mdomo mbaya na sipendi kugombana kanisani.

Atelie ilikuwa chumba kimoja cha matofali, mabati juu, dirisha moja lisilo na kioo ambalo tulilifunika kwa nailoni siku za upepo. Ndani kulinuka mafuta ya cherehani na makaa ya pasi. Cherehani zilikuwa chache kuliko wanawake, kwa hiyo nusu yetu walishona na nusu walingoja zamu wakipiga pindo na vifungo kwa mkono. Régine alikuwa amesoma mpaka karibu kumaliza sekondari kule Bukavu, Kongo, akili zake nyepesi, lakini Mungu alimnyima mikono. Kola zake zilitazama pembeni. Aliharibu shati la mzee mmoja wa kanisa mpaka yule mzee akawa anavaa sweta juu yake hata jua likiwa kali, na baada ya hapo iliamuliwa bila kikao kwamba Régine afadhali asome. Sanduku la vitabu lilikuwa pale kwenye kona, liliachwa na mwalimu mmoja aliyehama. Karibu vyote vilikuwa hadithi za Pwani. Ukifungua chochote, ukurasa wa kwanza tu, jua linawaka juu ya mchanga, mtu anachambua mchele wa pilau, na jirani ana siri.

Régine hakusoma kama ilivyoandikwa. Kiswahili cha vitabu vile kilikuwa safi sana, kimepigwa pasi, na nusu ya wanawake wa Uvira na Fizi wangelala. Kwa hiyo alisoma kwa macho kwanza, halafu akakitoa kwa mdomo wetu, na pale ambapo mtu wa Pwani angesema maneno kumi ya adabu Régine alisema mawili. Kitabu tulichokipenda kuliko vyote hakikuwa na jalada. Kilihusu msichana anayeitwa Mwanaidi, aliyekaa nyumba nyeupe ufukweni. Baba yake anataka kumwoza kwa mfanyabiashara mzee, naye anampenda mwalimu aliyehamishiwa kisiwa cha jirani. Mwishoni anatoroka asubuhi wakati maji yamekupwa, anatembea juu ya mchanga ambao jana yake ulikuwa bahari, na wale wanaomfukuza wanapofika, maji yanarudi. Wanabaki wamesimama wakiangalia. Tulikisoma mpaka mwisho, tukaanza tena.

Lakini usifikiri tulikipenda kimya kimya. Mtu aliyetupigia kelele zaidi alikuwa Mama Solange, mwanamke wa Uvira mjini, mnene, mcheshi, mwenye kutia chumvi kila kitu. Yeye hakuweza kumvumilia Mwanaidi. Msichana akilia katika kitabu, Mama Solange alisimamisha cherehani. "Analilia nini huyu? Amekula, amevaa, nyumba iko na madirisha. Anatafuta nini ingine?" Wengine walimtetea, wakisema moyo hauna tumbo, naye akawaambia kwamba wao hawajaolewa vizuri. Jua nalo lilituletea ugomvi. Waandishi wale walilisifu kila mahali, linachomoza, linazama, linang'aa juu ya maji, mpaka Mama Solange akasema watu wa Pwani wanapata jua na sisi tunapata vumbi. Sisi wa Bukavu, tuliozoea mvua na ukungu, tulisema hakuna mahali penye jua namna ile, mwandishi ametunga. Wale wa Uvira na Fizi walikasirika. Kwao kulikuwa na jua hilo hilo, na maji, na mchanga, na samaki, na kila Régine alipofika ufukweni walisema hapo ni kwao kabisa, mwandishi alipita akaona. Kulikuwa hata na mama mmoja Mchewa wa kijiji cha jirani aliyeleta nguo zake kushonwa, na kila akija, kabla hajauliza nguo, alimuuliza Régine: "Kodi mtsikana uja wakwatiwa?" Alitaka tu kujua kama yule msichana ameshaolewa. Tulimwambia bado, akaondoka na wasiwasi wake.

Na tulikuwa na ugonjwa mwingine, ambao nadhani ni wa wasomaji wa kambini peke yao. Tulikihoji kitabu. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa mbele ya meza na kuulizwa: mwezi gani, njia ipi, nani aliona, mlikuwa wangapi, na mbona mara ya kwanza ulisema vingine. Maswali hayo yalituingia kwenye damu. Mwanaidi akitoka nyumbani tulimuuliza Régine alitokea mlango upi. Siku moja mwandishi alijisahau. Nyumba iliyokuwa na milango miwili ikawa na mitatu, na Mama Solange akatupa mikono juu. "Amebadilisha historia. Batamukatalia." Tulicheka mpaka mtu akajichoma sindano. Nakumbuka kicheko hicho vizuri kwa sababu Mama Bahati naye alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Mama Bahati alikuwa mpiga vifungo. Mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi, alikaa karibu na mlango penye mwanga. Alitoka kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Fizi. Tulijua mambo mawili tu juu yake. La kwanza, kwamba siku ya kukimbia alitengana na binti yake Bahati, aliyekimbia na shangazi yake upande mwingine, na wale wawili walipelekwa ng'ambo kutoka kambi ya nchi nyingine kabla mama hajajulikana yuko hai. La pili, kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, Wilondja, aliyeitwa Wilo, mdogo, na hakufika naye. Hilo la pili hatukuambiwa na yeye. Ukimuuliza habari za kwao alikuwa anakutazama kwa upole, kisha anachukua kifungo kingine. Jumapili baada ya ibada alizungumza na Bahati kwa simu ya mzee wa kanisa. Bahati alikuwa akikua huko, na Kiswahili kilikuwa kikimtoka kidogo kidogo. Mama alikuwa anarudia sentensi zile zile rahisi ili aeleweke.

Tulikuwa mara ya pili au ya tatu kwenye kitabu kile, Régine akisoma jinsi Mwanaidi anavyokaa barazani akitazama watu wanavuta nyavu, pale Mama Bahati aliposema bila kuinua kichwa: "Kwetu pia kulikuwaka vile." Hakuna aliyemkatiza. Akasema kulikuwa na mchanga, na wanawake walianika samaki juu ya mchanga, na baba mkwe wake alikuwa na kiti chake ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Alisema hayo tu. Kesho yake aliongeza. Baada ya wiki kadhaa ikawa desturi: Régine anasoma, anafika penye maji, ananyamaza, na Mama Bahati anaendelea na ya kwao. Ilikuwa furaha kubwa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye watu walijaribu kuifanya ionekane ujinga. Mwanamke aliyekuwa amefungwa mdomo alifunguka mbele yetu, akanenepa kidogo usoni, akaanza kubishana na Mama Solange juu ya namna ya kupika sombe, majani ya mihogo. Tulipeana chai ya rangi na vipande vya viazi vitamu na kumsikiliza. Kama nyumba yake ilianza kuwa nyeupe, kama baraza liliota pale ambapo mwanzoni hapakuwa nalo, nani angehesabu? Kila mtu kambini anakumbuka nyumba nzuri kuliko ile aliyoiacha. Mimi mwenyewe nina nyumba Bukavu kichwani mwangu ambayo ingewashinda matajiri.

Kisha Mama Bahati aliitwa. Shangazi na Bahati walikuwa wameomba huko waliko, na sasa mama alitakiwa aende Lilongwe, kwenye ofisi moja City Centre, akahojiwe. Akikubaliwa atamfuata mtoto wake. Atelie nzima roho juu. Mama Solange alimshonea blauzi, kola imekaa sawa, na kila mtu alimpa ushauri ambao hakuuomba. Wote tulimwambia jambo moja: asijibu kwa ufupi kama zamani. Watu wengi walikuwa wamekataliwa kwa kujibu kwa ufupi, wakiambiwa hawana maelezo. Régine alimwambia asimulie kama anavyotusimulia sisi. Mama Bahati aliitikia. Usiku ule aliosha kitambaa chake cha kichwa.

Mimi nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na Kiingereza kidogo na Kichewa cha sokoni. City Centre ilikuwa safi kiasi cha kutia aibu, nyasi zimekatwa, watu wanatembea bila kubeba chochote. Mlinzi alinionyesha benchi nje, nikakaa na mfuko wa mandazi mapajani, na kupitia dirisha lililo juu yangu nilisikia sauti bila maneno: sauti ya mkalimani, kimya, sauti ya Mama Bahati ikienda mbali bila kukatizwa. Nilijivunia. Sikuwahi kusikia mtu akiongea muda mrefu namna ile katika nyumba za namna ile. Alipotoka uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeoga maji ya moto. Alisema yule mzungu aliyemhoji aliandika sana, hakuinua kichwa.

Kabla ya kurudi Dzaleka tulipitia mtaa wa Chinsapo kwa mama mmoja wa kanisa letu, tukala nsima, ugali wa huku, na dagaa waitwao usipa, na Mama Bahati alishika samaki mmoja mdogo kwa vidole akasema hao ni ndagala zao, wamebadilisha jina tu. Mwenyeji wetu akataka kusikia mahojiano yalikwendaje, naye akamsimulia. Ndipo nilipoyasikia yote kwa mara ya kwanza, yakiwa yamekamilika. Alikuwa kwenye nyumba nyeupe, akasikia kelele, akatoka na Wilo mkononi mpaka ufukweni. "Maji ilikuwa imerudi nyuma, muchanga ikatokea, tukapita juu yake. Bale bantu balifika nyuma, maji ikajaa. Bakabaki kutuangalia tu." Upande wa pili Wilo alishikwa na homa, akafa mikononi mwa watu wema, wakamzika kwa maombi, chini ya miti. Mwenyeji alilia. Mimi pia nililia, na nilikuwa nimekulia kando ya Kivu, ziwa ambalo halijapata kurudi nyuma hata hatua moja tangu liumbwe. Halikunijia kichwani. Tulikuwa tumekaa na bahari ile ya kitabu kwa miezi, ikipwa na kujaa katikati ya cherehani zetu, na kwangu ilikuwa kawaida kama bomba la maji la kambini.

Jibu lilikuja wakati wa baridi. Aliitwa ofisi ya kambini, nikaenda naye tena, na kijana wa pale akatueleza bila ukali. Alikuwa na mafua, anajifuta pua. Alisema wamekataa kwa sababu maelezo hayaaminiki. Ziwa Tanganyika halipwi wala halijai, na mtu aliyezaliwa kando yake angejua. Kwa hiyo wanaona mama huyu hatoki huko anakosema, na kama hatoki huko, basi yule mtoto wa ng'ambo hawawezi kusema ni wake. Mama Bahati alimtazama yule kijana, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nimemficha jambo. Akaniuliza kama ni kweli ziwa halipwi. Nilisema ni kweli. Tulipotoka nje akasema, taratibu sana, "Lakini mi naiona. Mi naiona ile muchanga."

Sijawahi kuona chumba kikifa ganzi kama atelie siku ile. Halafu kila mtu akatafuta wa kumlaumu. Mama Solange alikishika kitabu akataka kukitia kwenye makaa ya pasi, akisema kimedanganya, watu wa Pwani na jua lao wamemuua mtu. Régine alimnyang'anya. Alikuwa analia, lakini alisema kitabu hakikudanganya, kwao maji hupwa kweli, ni sisi tulioyahamisha mpaka ziwani. Wakatukanana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mambo ya Bukavu na Uvira yakaingia, nani mwenye dharau, nani mshamba, na katikati yao Mama Bahati aliendelea kupiga kifungo kwenye shati la mtu. Alikipiga, akakikata, akakipiga tena mahali pale pale. Kilichomtesa hakikuwa karatasi peke yake. Alijaribu kukumbuka siku ile ya kweli na kila alipojaribu alikuta mchanga mweupe. Alituambia hivyo baadaye. Alisema ni kama kuingia nyumbani kwako ukakuta wapangaji. Jumapili hiyo hakwenda kwenye simu.

Tuliacha kusoma. Vitabu vilirudi sandukuni, Régine akapewa kazi ya kukata nyuzi, na kelele za cherehani zikawa kubwa kuliko zamani. Yule mama Mchewa alikuja kuuliza habari za Mwanaidi na hakuna aliyemjibu vizuri, akaenda zake akidhani ametukosea. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anafikiri kila jambo linaweza kutengenezwa. Mwaka ule ndio ulionitoa fikira hiyo, na haijanirudia.

Ilikuwa karibu na mwisho wa baridi, saa za mchana, tumekula, Mama Bahati alipomwambia Régine achukue kile kitabu. Régine alikataa. Mama Solange naye akasema hapana. Mama Bahati akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama hana pa kwao pengine, basi asomewe hapo hapo, palipobaki. Na akataka jambo moja zaidi: Régine amtie Wilo ndani. Kwa kuwa Régine hubadilisha maneno kila siku, abadilishe na hapo. Amweke mtoto ufukweni, acheze.

Régine alifungua penye maji. Alisoma kwa muda kama ilivyoandikwa, jua, mchanga, wanaovuta nyavu, halafu sauti ikabadilika kidogo, na tukajua ametoka kwenye karatasi. Alisema palikuwa na mtoto mmoja mdogo anaitwa Wilo, amevua shati, anakimbilia mawimbi, yakija anacheka, yakirudi anayafuata. Alifanya vizuri. Hata Mama Solange alikuwa amefumba macho. Na Mama Bahati akasema: "Hapana."

Régine akainua macho kutoka kwenye kitabu.

"Hapana, huyu si yeye. Wilo aliogopaka maji. Ukimupeleka kwa ziwa analia mpaka anatapika. Nilikuwa namuogeshea mu nyumba, mu beseni."

Alisema hivyo, halafu akaweka sindano chini, na nikaona jambo linampanda usoni ambalo sikutaka kulitazama, nikalitazama. Yote yalikuja, moja baada ya jingine, bila pambo. Nyumba ilikuwa ya udongo. Siku ile watu wa kijiji walikimbilia mitumbwi, na jirani yake akamwita apande, nafasi ipo. Wilo alipoyaona maji akapiga kelele, akamng'ang'ania shingo, na yeye akaogopa kelele zile zitawaleta wale watu wa bunduki. Kwa hiyo aliyaacha maji, akapanda na mtoto mgongoni kupitia mashamba ya mihogo. "Bale balipita na maji, bote balipona." Katikati ya mihogo walipigwa risasi kutoka nyuma. Yeye haikumpata. Alikimbia mbele kidogo akihisi mgongo umelowa, akadhani ni mkojo wa mtoto. Alipojua, alimlaza kati ya matuta, akamfunika kwa majani, akaendelea kukimbia, kwa sababu walikuwa bado wanakuja. Hakuna aliyemzika. Alitaja jina la mwenye shamba, na kijito kilicho chini yake, na mti wa mchikichi uliokatwa kichwa na radi. Alijua hatua kwa hatua. Mtu yeyote wa upande ule angejua ni wapi.

Nikasema, mimi Odette, mdogo kuliko wote mle ndani, kwamba basi twende. Kesho asubuhi, turudi City Centre, aseme hayo, kila kitu kiko sawa sasa, hakuna anayeweza kuyakataa. Nilikuwa tayari nimesimama. Hakuna aliyenitazama. Mama Solange ndiye aliyesema, na hakutaka kusema. Alimtaja mwanamume wa sehemu ya juu ya kambi, na familia ya Warundi waliokuwa jirani zake, na wengine, wote waliokwenda kusahihisha maelezo yao. Waliulizwa swali moja tu, kwamba mara ya kwanza walisema uongo au wanasema uongo sasa, na hawakuitwa tena. Régine alisema huenda akiandikiwa barua nzuri watamsikiliza. Mama Solange akatikisa kichwa.

Mama Bahati alifikiri. Aliokota sindano, akaitazama kama ina uzi, akaichomeka kwenye kifua cha blauzi, ile aliyoshonewa.

"Ile iko mu dosie, mu karatasi yao, ni ya maji," alisema. "Nikileta ya mihogo, banafunga kabisa, Bahati hataniona. Siku moja atakuja mwingine kuuliza, mwenye hajui ziwa. Régine, rudia. Soma tangu pale maji inarudi nyuma, nisichanganye."

Régine alitutazama, mmoja mmoja, akingoja mtu amkataze. Kisha akasoma, polepole, safari hii neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na Mama Bahati alirudia nyuma yake kwa sauti ndogo, sentensi baada ya sentensi, na pale alipokosea alimwomba aanze tena.